Bunduki Ambayo Yoeli Yiamat Hakumrithisha Binti Yake

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, hapa nyumbani kwake Oldonyo Sambu, ni Yoeli Lesian Yiamat, mwindaji bingwa mstaafu. Maisha yake yameandikwa na yanasomwa na dada yake mdogo, Mwalimu Nasieku Yiamat, aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne na ambaye hapendi kukatizwa akisoma. Liko neno ambalo limezunguka kijijini na mjini kwa karibu miaka mitatu, kwamba marehemu alimnyima binti yake bunduki kwa sababu ni mwanamke. Wapo waliolibeba mpaka hapa msibani, wakalinong'ona huku wanakunywa chai ya wafiwa. Neno hilo litajibiwa humu humu. Lakini kwanza mtu azaliwe.

Yoeli alizaliwa tarehe 12 Machi 1955, mtoto wa tatu wa Mzee Lesian Yiamat na Mama Nembris, na akabatizwa mwaka huo huo katika usharika wetu wa Kilutheri. Alikua akichunga mbuzi upande huu wa kaskazini wa Mlima Meru, enzi ambazo nyati walishuka kutoka msituni kula mahindi ya watu bila hodi. Alipokuwa na miaka tisa, nyati mmoja alimpandisha mtini tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Aliposhuka na kufika nyumbani hakusema habari ya nyati. Alisema mbuzi walichelewa kunywa maji. Akachapwa, na siri ya mti ikajulikana miaka kumi baadaye. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kumeza jambo lake na kuendelea na safari.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Hesabu hazikumpenda, na dada yake ambaye ni mwalimu hawezi kudanganya mbele ya kanisa. Alipata kipaimara mwaka 1971, akatahiriwa pamoja na wenzake wa rika, na mwaka 1973 akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Huko ndiko alikoshika bunduki kwa mara ya kwanza. Mkufunzi wake alishangaa kwamba kijana huyu akishafyatua hashtuki, anauliza tu chakula ni saa ngapi.

Mwaka 1975 alipata kibarua cha kutengeneza barabara kule Momela, ndani ya hifadhi. Kwa miaka minne alifanya kazi na sururu mkononi huku nyati wakimtazama, na alisema shule yake ya kweli ilikuwa ile. Uwindaji wa kitalii uliporuhusiwa tena, aliajiriwa mwaka 1979 na kampuni moja iliyokuwa na stoo yake Ngarenaro, mjini Arusha. Alianza kwa kuchuna ngozi. Mwaka 1982 akapandishwa kuwa mfuatilia nyayo, pamoja na mwenzake wa rika Simel Lerionka, huyu aliyekaa hapa mstari wa mbele na fimbo yake. Mwaka 1991 alifaulu mtihani, akapewa leseni ya mwindaji bingwa. Kazi ya mwindaji bingwa ni kumwongoza mgeni hadi kwa mnyama na, mgeni akipiga vibaya, kummaliza mnyama kabla mnyama hajammaliza mtu.

Kwa wasioijua kazi hiyo, bunduki hizi huitwa kwa namba, na namba ni unene wa risasi. Kwa nyati, sheria haitaki ipungue 375. Ipo 416, ipo 458, na wapo wageni wanaofika na 500 utadhani wamekuja kubomoa ukuta. Namba ikipanda, na teke la begani linapanda. Yoeli mwenyewe alibeba 458 kwa miaka thelathini na moja, akaifuta mafuta kila jioni, akaijua kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za wanawe. Lakini mgeni aliyeuliza alete bunduki gani alijibiwa vilevile, enzi za barua, enzi za faksi na enzi za WhatsApp: alete 375 anayoimudu, makubwa ayaache kwao.

"Nyati hafi kwa namba," alikuwa akisema. "Anakufa kwa mahali."

Busara hiyo hakuzaliwa nayo. Mwezi Septemba 1994, kambini Rungwa, alipokea mgeni aliyekuja na 500 mpya. Wakati wa kupima bunduki kwenye karatasi, Yoeli aliona kwamba mgeni anafumba macho na kuinamisha mtutu kabla ya kufyatua. Aliona, akanyamaza. Mgeni alikuwa mtu mzima kuliko yeye, na sisi Waarusha tumefundishwa kutomwaibisha mgeni mbele ya watu. Kesho yake mgeni akampiga nyati tumboni, nyati akaingia kichakani, na Simel akatangulia kufuata damu. Nyati alitokea ubavuni. Kabla 458 ya Yoeli haijamwangusha, alikuwa amekwisha kuvunja paja la Simel. Yoeli alimbeba mwenzake mgongoni mpaka kwenye gari, akakaa naye hospitalini siku kumi na moja. Siku Simel alipopata nguvu ya kusema, alimuuliza jambo moja tu, kama aliona mgeni anaogopa bunduki yake. Yoeli akajibu kwamba aliona. Simel akamwambia, "Basi usinyamaze tena." Mambo yakaishia hapo, na urafiki ukabaki.

Simel hakuweza tena kufuata nyayo, akapewa stoo ya Ngarenaro. Humo ndimo wawili hao walimotengenezea kile walichokiita risasi bubu, yaani ganda lililokwisha kutumika, lisilo na baruti, likavishwa kichwa cha risasi juu. Siku ya kupima, Simel anaichanganya na risasi za kweli bila mgeni kuona. Mgeni anafyatua, bunduki inalia ka! tu. Kama mkono umetulia, mtutu hautikisiki. Kama mtu anaogopa teke, mtutu unainama kusubiri kishindo ambacho hakiji, na hapo hakuna wa kubishana naye. Kipimo kilikuwa na sharti moja: wanakuwepo watu watatu, na walichokiona hakitoki hapo. Aliyeinamisha mtutu anaambiwa taratibu aache lile dude lake na atumie 375 ya kambi. Kwa njia hiyo Yoeli alipata kusema ukweli bila kumwaibisha mtu, na katika miaka ishirini na minane iliyofuata hakuna aliyeumia mikononi mwake. Wageni wakubwa wakubwa walinuna siku ya kwanza, siku ya tano wakamkumbatia.

Turudi nyuma kidogo kwenye ndoa, maana wifi yangu amekwisha kunitazama. Tarehe 24 Novemba 1984 Yoeli alifunga ndoa na Skolastika, binti wa Kibosho, fundi cherehani mwenye chumba chake Ngarenaro. Wazee wa Kibosho walitaka kujua mtu anayeishi porini nusu mwaka atamtunzaje mke. Yoeli akawajibu kwamba nusu mwaka mwingine hatatoka nyumbani hata kwa kufukuzwa. Skolastika anathibitisha kwamba alikuwa mkweli, na kwamba ile nusu ya pili ilikuwa na kazi yake. Mmoja alibaki Mkatoliki, mwingine akabaki Mlutheri. Kila Jumapili walitoka pamoja, wakaachana njia panda, na aliyewahi kutoka ibadani alimngoja mwenzake pale pale. Hawakuwahi kugombana juu ya jambo hilo, ila mahubiri ya nani yalikuwa marefu zaidi. Mungu aliwapa watoto watatu: Silantoi mwaka 1986, Stanley mwaka 1989 na Godbless mwaka 1993.

Silantoi ndiye aliyeifuata kazi ya baba. Alianza kwa kushika ofisi, akaomba kwenda porini, akafuata nyayo misimu sita, na mwaka 2021 akafaulu mtihani wa mwindaji bingwa. Siku hiyo Yoeli alichinja. Mwaka uliofuata alistaafu, na kila mtu alijua 458 inakwenda kwa Silantoi, maana ndugu zake wa kiume mmoja anauza vipuri vya magari na mwingine ni mhasibu. Krismasi ya 2022, ukoo mzima ukiwa mezani, Yoeli alitangaza kwamba 458 imekwisha kurudishwa na kuuzwa kwa utaratibu wa serikali, na kwamba Silantoi ameombewa kibali cha kumiliki 375. Hakueleza sababu.

Aliyesema wa kwanza hakuwa jirani wala mlevi wa sikukuu. Alikuwa dada yake, huyu anayesoma. Alimwambia kaka yake mbele ya watoto wake kwamba miaka yote tulimdhani tofauti, kumbe naye ni wale wale, mtoto wa kike anapewa kidogo hata akisoma kuliko wa kiume.

Yoeli alimtazama, akasema, "Nasieku, chai yako inapoa."

Basi neno likatoka pale mezani likapata miguu. Akina mama wa kikundi walilisema. Wawindaji wa mjini walilisema, wengine kwa kucheka. Mzee mmoja wa usharika alimpongeza Yoeli kwa kulinda mila, na hiyo ilimuuma kuliko matusi. Kwa karibu miaka mitatu hakujitetea hata kwa sentensi moja. Wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwa wanamjua Yoeli.

Mwezi Mei 2025 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na madaktari wakasema ni moyo kutanuka. Alilazwa mara mbili hapa Arusha. Hakuwa mgonjwa wa kusumbua, isipokuwa kila siku aliuliza kama kuna habari kutoka Rungwa, ambako Silantoi alikuwa na mgeni wake. Alikataa katakata binti yake aitwe arudi. Tarehe 24 Agosti Simel aliingia wodini na habari: jana yake nyati aliyejeruhiwa alimjia Silantoi kutoka kichakani, na Silantoi alimwangusha kwa 375, risasi moja, hatua kumi na nne. Mgeni mzima, mfuatilia nyayo mzima. Yoeli alitaka kujua mtutu ulikuwaje. Simel akamwambia mfuatilia nyayo ameapa kwamba haukutikisika. Baada ya wiki nzima ya kukataa chakula, Yoeli aliomba uji, akaumaliza, akadai na sukari ilikuwa haitoshi.

Silantoi alirudi tarehe 2 Septemba na hakuondoka tena kitandani kwa baba yake. Yoeli aliaga dunia Jumapili tarehe 14 Septemba 2025, saa mbili na robo asubuhi, akiwa na miaka sabini. Skolastika hakwenda misa siku hiyo. Alikuwa amemshika mkono. Daktari alisema aliondoka bila maumivu, na waliokuwepo wanaamini, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Ameacha mjane, Skolastika. Wana wawili, Stanley na Godbless. Wajukuu wanne wakiongozwa na Princess. Dada mmoja mwenye mdomo. Na rafiki mmoja, Simel Lerionka. Ameacha pia binti, Silantoi, ambaye ni wa kwanza kuzaliwa lakini anatajwa mwisho kwa ombi lake mwenyewe. Jumatano alipewa karatasi hii aisome kabla ya kupelekwa kupigwa chapa. Aliisoma, akaketi chini, kisha akaomba kalamu. Shangazi yake alimkumbusha kwamba wawindaji wote wa Arusha watakuwepo msibani, na kwamba akishayasema haya mbele yao hayarudi. Alijibu kwamba anajua. Maneno yanayofuata ni yake.

"Baba hakuninyima kitu. Mwezi Julai 2022, kambini, mbele yake na mbele ya Baba Simel, nilipimwa kwa 458. Risasi bubu zilikuwa tatu, na mara zote tatu niliinamisha mtutu. Nilijaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Nikamwomba Baba asimwambie mtu, kwa sababu leseni yangu ilikuwa na mwaka mmoja, na hakuna mgeni atakayemfuata mwindaji anayeogopa bunduki. Akasema hilo ni jambo dogo, atalibeba yeye. Siku ile ya Krismasi mlipomsema nilikuwa mezani pale, kiti cha tatu kutoka kwake. Nilikula pilau yangu nikaimaliza. Alinipa 375 ili nirudi nyumbani mzima, na nimerudi, nikamkuta hai. Wawindaji wenzangu mlioko hapa, mimi 458 siiwezi. Atakayecheka acheke leo, nikiwa namtazama."

Hayo ndiyo majibu. Dada yake anamwomba radhi mbele yenu nyote, na anajua amechelewa.

Bwana amlaze Yoeli kwa utulivu. Mzigo wa mtoto aliubeba mpaka mwisho, na leo mtoto mwenyewe ameupokea.