Tyyne Karppinen, Aliyelijua Jiwe kwa Mkono

Marehemu Tyyne alizaliwa tarehe 4 Machi 1938 katika kijiji cha Hautalampi, mkoani Kainuu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Antti Heikura na mama Saima. Miaka miwili baadaye alizaliwa mdogo wake, Elma, ambaye ndiye aliyeombwa na watoto wa marehemu aandike maneno haya na kuyasoma leo.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1945 hadi 1951. Elma alimshinda kwa kusoma na kuandika, lakini hakuna anayelikumbuka hilo, kwa sababu Tyyne alijua mawe. Baba aliwafundisha wote wawili: livunje kwanza, maana uso wake umeshaliwa na mvua na kuvu. Ukiona ndani punje za rangi ya waridi, nyeupe na nyeusi zilizochanganyika ovyo, hilo ni itale. Punje hizo hizo zikijipanga mistari, ni naisi. Likikwaruzika kwa kisu na kutoa povu kwa tone la siki, ni chokaa. Jeupe linaloshinda kisu ni kwatzi. Nyundo, hata hivyo, baba alimpa Tyyne. Elma alipewa ndoo ya kubebea.

Kuanzia 1953 marehemu aliuza katika duka la ushirika, ambako wateja walimletea mawe yao juu ya kaunta, kando ya siagi, naye akawaambia ni nini kabla hajawapimia sukari.

Mwaka 1962 Elma alikuwa na mchumba, Urho Karppinen, aliyekuwa akijenga sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto. Elma alimchagulia mawe ya jiko mazuri, ya waridi. Jumamosi ya kwanza yalipasuka kwa joto na kurusha vipande, Urho akatoka mbio uchi mpaka kwenye theluji. Tyyne akaitwa, akayatupa nje yote, akaleta meusi mazito.

“Hii ni itale, shemeji,” alimwambia. “Ya makaburini hii, si ya jikoni.”

Urho alicheka sana. Harusi ilifungwa tarehe 22 Juni 1963, na bibi harusi alikuwa Tyyne. Elma alioka mikate.

Kwetu mtu akiokota jiwe la ajabu hulituma kwa posta kwa wataalamu wa serikali, na lililo bora hupewa tuzo. Agosti 1969 Tyyne aliokota moja zito kupita ukubwa wake, lenye kutu nje, rangi ya shaba ndani, na sumaku ikaling'ang'ania. Alisema lina nikeli, na dukani kila mtu akamwamini. Alilifunga kwa gazeti akampa Elma, aliyekuwa akienda mjini, alitie posta. Baada ya miezi miwili jibu likaja: naisi ya kawaida, ahsante. Kijiji kilicheka mwaka mzima. Marehemu hakutuma jiwe tena, na kila aliyemletea jiwe dukani, yeye alimjibu kuwa hajui.

Mwishoni mwa 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Elma alimuuguza. Siku moja mwezi Aprili marehemu alisema, “Mdogo wangu, lile jiwe nililishika mwenyewe. Nilikosea wapi?”

Elma alimjibu, “Kunywa kahawa, dada, inapoa.”

Alifariki tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi.

Ameacha mume wake Urho, watoto wawili, Raili na Jorma, wajukuu watano, na mdogo wake Elma. Huyu Elma alikifungua kile kifurushi ndani ya basi. Aliposhuka, jiwe la dada yake alilitupa ziwani, akafunga naisi aliyoiokota kando ya barabara. Alifanya hivyo kwa wivu, na wivu huo anao hata sasa anaposoma, maana kanisa limejaa, na anajua siku ya maziko yake halitajaa hivi.

Dada Tyyne, hukukosea popote. Lala kwa amani.