Mzee Gichuru na Gorofa Zake za Krismasi

Baada ya kusimama miaka thelathini na miwili nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli yetu hapa Chania, Mzee Erastus Gichuru anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 1998. Nimesema kusimama, lakini wanaomjua wanajua kwamba miaka hiyo yote ameitumia zaidi kupiga domo. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Njau wa keki, kazi ya kuandika wasifu wake. Sababu waliyonipa ni kwamba jiko langu limepakana na baa, kwa hivyo mimi ndiye niliyemsikia kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli kabisa, na badala ya kunipa kazi wangenipa pole.

Mzee Gichuru ni mzaliwa wa Ruiru. Aliingia hotelini mwaka wa 1966 akiwa kijana mwembamba, akapewa kazi ya kuosha glasi. Inasemekana wiki ya kwanza aliangusha trei nzima kwa sababu alikuwa anamhadithia mpishi jinsi mtu mwingine alivyoangusha trei. Badala ya kufukuzwa, alipelekwa kaunta. Meneja wa wakati huo alikuwa amegundua kwamba wageni hawaondoki kijana huyu akiwa katikati ya hadithi, na hadithi zake hazikuwa na mwisho.

Nyumbani kwake Kiuu anaishi na mkewe, Mama Idah, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kwa miaka mingi Mama Idah aliwaambia waumini kwamba mume wake anafanya kazi hotelini, upande wa vinywaji. Kanisa zima likaelewa soda. Siku moja pasta alikuja kwa karamu ya harusi hapa kwetu akamkuta muumini wake amezungukwa na chupa za kila aina. Gichuru hakubabaika. Alimfungulia pasta soda baridi, akaanza kumweleza habari za soda, zinavyotengenezwa, zinavyosafirishwa, na ile iliyowahi kupasuka mkononi mwake, mpaka pasta akasahau alichotaka kuuliza.

Lakini jina la mzee huyu halikuenea Thika na Ruiru kwa sababu ya soda. Lilienea kwa sababu ya gorofa.

Kwa mgeni ambaye hajawahi kula Krismasi na sisi, gorofa ni glasi ndogo ya toti yenye vinywaji vitatu vilivyokaliana bila kuchanganyika. Chini kuna sirapu nyekundu, katikati pombe tamu ya minti yenye rangi ya kijani, na juu kabisa pombe ya krimu, nyeupe, imetulia. Kilicho kizito kinatangulia na kilicho chepesi kinafuata. Unageuza kijiko cha chai, unakiegemeza ukingoni mwa glasi, halafu unamimina juu ya mgongo wake polepole, kinywaji kishuke kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Ukiharakisha kidogo tu, gorofa zote tatu zinabomoka, unabaki na maji ya kuoshea sufuria.

Alianza kuzitengeneza mwaka wa 1991, baada ya mtalii mmoja aliyekuja kuona maporomoko ya maji kumwonyesha gorofa mbili. Gichuru alisema mbili ni nyumba ya kupanga, yeye atajenga tatu. Shida ilikuwa ile pombe ya krimu. Siku hizo ilikuwa inatoka ng'ambo na kuiona ilikuwa bahati, kwa hivyo mzee aliamua kujitengenezea kwa brandi, kahawa, maziwa ya kopo na krimu. Krimu ya nani? Krimu yangu! Krimu niliyoagiza mimi kwa keki zangu! Majaribio ya kwanza aliweka maziwa ya kopo mengi mno, krimu ikazama mpaka chini ya glasi, akarudi kuchukua nyingine. Baadaye chupa za ng'ambo zilipojaa madukani nilimshukuru Mungu. Mzee alionja moja kwa ncha ya kijiko, akatangaza kwamba ni majimaji, akaendelea kuja kwa friji yangu.

Kuna mwaka alizitengeneza kwa karamu ya Jamhuri. Mkubwa mmoja wa serikali aliinua glasi yake, akaitazama sana, akauliza kwa sauti ya kikazi: nyekundu anaiona, kijani anaiona, nyeupe pia anaiona, je, nyeusi ya bendera iko wapi? Sisi tulianza kutafuta mlango wa nyuma. Gichuru akajibu, "Nyeusi ni wewe mwenyewe, mheshimiwa. Bila mwananchi hii glasi ni pambo tu." Mheshimiwa alicheka, akanywa, akaomba nyingine.

Sasa, jambo la ajabu kuhusu gorofa ni kwamba zilikuwa kitu cha pekee duniani kilichoweza kumnyamazisha Gichuru. Akishika kile kijiko, hata pumzi aliibana. Wafanyakazi wakaligeuza jambo hilo kuwa ofisi. Ukiwa na habari ambayo hungetaka ijibiwe kwa saa nzima, ulingoja Desemba, msimu wa gorofa. Hivyo ndivyo Mulei wa bustani alivyomwambia kwamba redio ya mzee aliyoiazima imeangukia mtoni. Becky wa mapokezi alimwambia kwamba haji kwenye harusi ambayo mzee alimwalika nyumbani kwa shangazi yake. Mzee alikodoa macho, mshipa wa shingo ukasimama, lakini mkono haukutikisika. Alipomaliza trei, mhusika alikuwa ameshafika stendi.

Jentrix naye alipeleka ombi lake hapo hapo.

Jentrix alikuja kwetu mwaka wa 1988 kutoka Kakamega, akawa mhudumu wa meza. Ni mtu wa maneno machache na miguu myepesi, na tangu mwanzo alitaka kitu kimoja: kaunta. Aliona wanaume watatu waliokuja baada yake wakipita pale kusaidia, mmoja wao hata hakujua kufungua chupa ya divai. Kila Desemba alimwambia mzee waziwazi kwamba anataka kufundishwa. Mzee akiweka kijiko chini alijibu kuhusu bei ya viazi. Akibanwa sana, alisema gorofa zinataka mkono wa mwanaume, eti mkono wa mwanamke umezoea kusonga ugali na utaharakisha. Nilimwambia hiyo ni porojo. Akaniambia nikae na mayai yangu.

Bwana Tobias, meneja wetu, hakutaka kuingilia. Alisema kaunta ni ya Gichuru, na Gichuru akisema ndiyo, itakuwa ndiyo. Lakini mwaka jana, 1997, alituita mkutanoni akasema mzee amebakisha mwaka mmoja, na kama mwaka mpya utaanza bila mtu wa kuachiwa, ataandika mtu kutoka Nairobi. Siku hiyo Jentrix alikuja jikoni akakaa juu ya gunia la unga. Tangu hapo, kila alasiri wageni wakilala, nilimpa sukari, maji na rangi za keki. Aliyeyusha sukari nyingi kwa maji ya rangi moja, kidogo kwa nyingine, akafanya mazoezi ya kumimina nyuma ya stoo. Glasi zangu za pudini zote zilikuwa za rangirangi.

Mnakumbuka mvua za El Nino. Tope la Kiuu lilifika magotini. Siku mbili kabla ya mkesha wa Krismasi, Mzee Gichuru alishuka stendi akiwa na jirani yake, na badala ya kutazama anapokanyaga, alikuwa anamweleza jirani jinsi ya kutembea kwenye tope. Aliteleza akiwa katikati ya somo. Mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta hadi juu ya kiwiko.

Na mkesha huo tulikuwa na karamu ya kiwanda kimoja cha hapa Thika. Watu hao huja kila mwaka, na mkurugenzi wao huja kwa ajili ya gorofa. Tulijua wazi kwamba wakizikosa watahamia Nairobi. Gichuru alikuja na plasta yake, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Alibomoa glasi ya kwanza, ya pili, na nyingine ambazo kwa heshima sitazihesabu. Ndipo Jentrix alipofunga aproni, akaingia nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa, akachukua kijiko.

Mzee akaketi kwenye kreti la soda, akaanza kumwelekeza. Polepole. Si hivyo. Inua kijiko. Unaona sasa? Haiya, unaona! Mwaka wa sabini na mbili kulikuwa na mtu wa Murang'a... Gorofa ya Jentrix ikabomoka. Akajaribu tena, mzee akawa bado yuko Murang'a, ikabomoka tena. Jentrix akaweka kijiko chini.

"Mzee, nakuheshimu kama baba. Lakini toka nje."

"Ati nini?"

"Toka, mzee. Ukibaki hapa leo hakuna karamu."

Kupitia mlango wa jiko Gichuru alinigeukia nimtetee. Nikainamia keki yangu nikaendelea kuipamba, ingawa ilikuwa imeshapambwa. Mzee aliinuka, akatoka, akasimama chini ya paa la stoo mvua ikimrukia viatu. Kupitia dirishani nilimwona ametoa kofia, na kusema kweli nilimhurumia.

Jentrix akamimina. Nyekundu, kijani, nyeupe, glasi baada ya glasi, trei baada ya trei. Hata mimi niliitwa kubeba. Ukumbini watu waliziinua kwenye taa kuzitazama kabla ya kunywa, na hakuna hata moja iliyochanganyika.

Mkurugenzi akasimama. Akasema mwaka huu gorofa zimepita za miaka yote, na anaomba Mzee Gichuru aletwe apongezwe. Mzee akaletwa kutoka kwenye mvua. Watu walipoiona ile plasta, walidhani amezimimina zote kwa mkono mmoja. Ukumbi mzima ukasimama, makofi, vigelegele, mtu akagonga meza! Bwana Tobias alikuwa kando yake anatabasamu. Jentrix alikuwa mlangoni na trei tupu, anatazama sakafu.

Mnamjua Gichuru. Huyu ni mtu anayedai kwamba ndiye aliyeonyesha wajenzi mahali pa kuweka mlango wa hoteli, na hoteli ilijengwa kabla hajazaliwa. Usiku ule hakuhitaji hata kudanganya. Angeinamisha kichwa tu, sifa zingekuwa zake, na kaunta ingemngoja mtu wa Nairobi. Nilitaka kupiga kelele kutoka pale nilipokuwa.

Mzee aliinua ule mkono mzima mpaka watu wakatulia.

"Ngai! Nyinyi hamwoni plasta? Mimi sijamimina hata moja. Aliyemimina ni Jentrix, yule pale mlangoni, na alinifukuza kwa baa yangu mwenyewe ndipo akaweza." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akamgeukia meneja mbele ya wote. "Bwana Tobias, nimekuwa nikimnyima huyu msichana kaunta bila sababu. Mpe. Nimesema ndiyo."

Makofi yaliyofuata yalikuwa ya Jentrix. Trei ilimponyoka mkononi. Mzee akatafuta kiti, akaketi, na mashahidi ninao kwamba hakutamka neno lingine mpaka keki yangu ilipoletwa. Nimegombana na mzee huyu kwa krimu miaka saba, na nitagombana naye leo pia kama ataingia kwa friji yangu. Lakini usiku ule nilijivunia kufanya kazi mlango mmoja na yeye.

Januari Jentrix aliingia kaunta akiwa na koti lake jeusi na jina lake kifuani. Mwaka huu wote wamefanya kazi bega kwa bega. Ukimwuliza mzee, atakuambia Jentrix ni mwanafunzi wake, alimfundisha tangu siku ya kwanza, tena kwa subira kubwa. Jentrix humwacha aseme.

Wiki iliyopita Becky alipokea simu kutoka kile kiwanda. Wanataka kuweka nafasi ya Krismasi ya mwaka ujao mapema, kwa sharti moja, kwamba atakayemimina awe Jentrix. Walimtaja kwa jina. Kuhusu Mzee Gichuru hawakuuliza. Becky aliogopa kumwambia, tukashauriana, mwishowe akamwambia tu. Mzee akavaa kofia, akatoka. Alikwenda kwa Mulei bustanini, akaenda kwa askari wa lango, akaenda kwa akina mama wa kufua, akaja jikoni kwangu, na kwa kila mmoja alisema maneno hayohayo: "Umesikia? Wamemwitisha kwa jina lake." Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakujali kuyapangusa. Kwa mara ya kwanza tangu 1966 tulisikia hadithi ya Gichuru ambayo Gichuru hayumo.

Mzee wetu, asante kwa miaka uliyotupa, kwa wageni uliowafanya warudi, na kwa ndiyo yako uliyoisema mbele ya watu. Nenda Kiuu ukapumzike na Mama Idah, mfuge yule ng'ombe mliyemnunua, na afya iwe tele nyumbani mwenu. Baa itakuwa na utulivu sasa, na mimi nitauchukia. Kaa salama, Mzee Gichuru, na Mungu akuzidishie siku njema.

Njau, mpishi wa keki, kwa niaba ya wafanyakazi wote