Kinyozi Taratibu na Mshipa Uliopita Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, kila asubuhi kabla ya kufungua saluni yake, kinyozi huyu alichovya mkate kwenye chai, akala akiwa amesimama mlangoni. Asubuhi moja mkate ukagoma kushuka. Akajipiga kifua. Akanywa maji. Maji nayo yakarudi.

Tunamkumbuka Taratibu. Ndilo jina walilompa wateja. "Kwake unaingia kijana, unatoka mzee," walimtania. Taratibu alikuwa na saratani ya umio, ule mrija unaoshusha chakula tumboni. Saratani ya umio, wasikilizaji.

Daktari wa upasuaji alipanga siku. Akaiahirisha. Akapanga nyingine, akaahirisha tena. Kila alipopita wodini alimpima mgonjwa mapigo ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, asieleze kwa nini. Dada yake Taratibu, aliyemlea, alikaa kando ya kitanda akimkodolea daktari macho.

"Huyu anatuzungusha," alisema. "Anataka kitu kidogo, au kuna jambo. Daktari, unaficha nini?"

"Picha za kifua hazijanitosha, mama."

Kisha akaeleza: picha zilionyesha mshipa wa damu wa mkono wa kulia umepita nyuma ya umio, mahali ambapo kwa watu wengi haupiti. Kisu kikiugusa, mgonjwa anaweza kuishiwa damu palepale. Dada hakusadiki.

"Mshipa gani huo usio na adabu? Tuhame hospitali. Uvimbe unakua!"

Aliyekataa ni Taratibu mwenyewe. "Dada, mteja ambaye nywele zake zinaota kinyume humnyoi harakaharaka. Unamzunguka kwanza. Huyu bwana ananizunguka. Niache naye."

Alipasuliwa. Mshipa haukuguswa. Alirudi saluni, akala mkate wake mlangoni, vipande vidogovidogo, kwa miaka kadhaa. Kisha saratani ikarudi, na safari hii ikamchukua.

Dada, na nyote mliokalia kiti chake, poleni sana. Nasi leo kila mmoja amkumbuke mtu aliyemshuku kwa sababu tu alichelewa kumjibu.

Msibani, daktari alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Dada alimwona. Akamfuata, akasimama mbele yake.

"Hata leo umejibanza. Siku zile ulikuwa unaficha nini?"

Daktari aliitazama mikono yake.

"Niliogopa, mama. Sikuwahi kupasua penye mshipa wa namna ile. Niliogopa kumuua mdogo wako, na sikutaka mjue kwamba naogopa."