Risala ya Darasa la Sita Kuhusu Mlango Usiofungika

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi, mama mpishi uliyesimama pale karibu na pipa la maji kana kwamba hukualikwa, wadogo zetu mliokaa chini mbele: tunawaamkia nyote kwa heshima.

MAKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa darasa la sita tumepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya shule nzima. Tunakukaribisha, mama mgeni rasmi, utufungulie lango letu jipya. Ni zuri. Linapofungwa asubuhi chuma hulia mara moja tu, kisha barabara yote na pikipiki zake huwa mbali, kama maongezi ya chumba cha pili mtu akiwa na usingizi. Wazazi wetu wamelisubiri miaka mitatu. Tunasema asante, na tunaitanguliza asante hiyo, ili haya mengine tutakayosema yasionekane ni kukosa shukrani.

HISTORIA YA SHULE

Shule yetu ilianza na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa ghala la mbegu, nacho ndicho darasa la kwanza hadi leo. Madirisha yake ni madogo na yako juu, karibu na dari. Mwanga hushuka humo polepole, umejaa vumbi la chaki, na saa saba mchana, wadogo wanapoambiwa walaze vichwa juu ya madawati, ukichungulia utadhani wote wamelala chini ya maji. Sote tulipita pale. Tulilala vile vile, tukisikia wakubwa upande wa pili wa ukuta wakiimba hesabu za kuzidisha, tukaamini kwamba wakubwa wanajua kila kitu na kwamba siku moja sisi tutakuwa wao.

MAFANIKIO

Tulishauriwa tutaje ufaulu wa mitihani, bustani ya mboga na kikombe cha riadha. Vyote hivyo vipo, na kikombe utakionyeshwa. Lakini tulipokaa kuandika, kila mara kalamu ilirudi kwa mtoto mmoja. Tukamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa tusimulie habari yake. Akasema, "Andikeni kilichotokea. Msiongeze chumvi."

CHANGAMOTO

Mtoto huyo tunamwita Kiduchu kwa sababu ya umbo lake. Yuko darasa la kwanza, na analelewa na bibi yake.

Muhula uliopita, asubuhi moja ya ukungu, tulikuwa mstarini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba tulisikia matangazo bila kumwona anayetangaza. Kiduchu akaanguka. Hakuanguka kwa kishindo. Alishuka taratibu, kama shuka inayoteleza kwenye kamba ya kuanikia, na waliosimama jirani naye walidhani ameinama kufunga kiatu. Wawili kati yetu tulimbeba hadi jikoni, kwa kuwa ndiko karibu. Alikuwa mwepesi, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Mama mpishi alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu ana kiu. Wiki ya tatu hii kikombe chake kinanirudia kimejaa. Nikadhani ni maringo."

Akamlaza kwenye magunia matupu, akamnywesha kwa kijiko. Alipofumbua macho akamuuliza, "Mjukuu wangu, mbona hunywi maji?"

"Nikinywa nitataka kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kule."

"Kule kuna nini?"

Kiduchu aligeuzia uso ukutani. Kisha akasema, "Mlango haufungi. Wakubwa wanauvuta, halafu wanacheka."

Mgeni rasmi, wakubwa hao ni sisi. Makomeo ya vyoo vya wasichana yalikatika tukiwa darasa la nne. Tulikuwa tukipita tunavuta mlango, tunakimbia, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Tuliuita mchezo. Hatukujali ni nani yumo ndani. Mkono huu ulioshika karatasi hii umewahi kuvuta mlango ule.

Na kuna jingine. Kabla ya hapo Kiduchu alijizuia darasani akashindwa, sketi ikalowa, akaambiwa asimame mbele ya wenzake mpaka ikauke. Hatutaji aliyemsimamisha. Mtu huyo alikwenda kwa miguu hadi kwa bibi yake akaomba radhi, na alifanya hivyo kabla yetu.

Habari zilipoenea siku ile, mwalimu mmoja alisema tupangwe foleni tule viboko. Mama mpishi alikuwa anakausha sufuria. Hakuinua sauti. "Wapigeni, mwalimu," alisema. "Halafu mlango utafungika?"

Mwalimu Mkuu aliketi kwenye kigoda cha jikoni na suti yake. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nyinyi mtafanya nini?"

Hatukuwa tumewahi kuulizwa hivyo na mtu mzima.

Mchana huohuo tulipigilia misumari kwa ndani, tukakata vipande vya mpira wa tairi, tukavifanya vitanzi vya kufungia. Tukapanga zamu. Kila mapumziko wawili wetu walisimama hatua tano kutoka mlangoni, wameupa mgongo. Kiduchu hakuja siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Tulikuwa tunasimama tu katika ukungu, tukitazama matofali ya ukuta mpaka yakaanza kufanana na nyuso. Siku ya nne tulisikia hatua ndogo zikipita nyuma yetu. Mlango ukasogea.

"Nani yuko hapo?" akauliza kutoka ndani.

"Ni sisi, dada zako."

"Mnaangalia wapi?"

"Ukutani."

Akasema, "Imbeni, nijue mko mbali."

Tukaimba hesabu za saba, maana ndizo zilizotujia. Saba mara moja, saba mara mbili. Ukungu ulikuwa unapanda, mwanga ukawa mweupe pande zote, na tulipofika saba mara tano tukasikia sauti nyembamba humo ndani inatufuatisha, bila kujua maana ya namba zile, kwa ule wimbo wake tu. Hatukugeuka. Tuliendelea mpaka kumi na mbili, tukaanza tena mwanzo.

Mapumziko yale alikunywa kikombe kizima, akanyoosha mkono na kikombe kitupu. Mama mpishi alikijaza tena mpaka juu.

MAOMBI

Lango ulilokuja kulifungua litawazuia wa nje, nasi tutalala usingizi kwa ajili hiyo. Kilichompata Kiduchu kilimpata ndani ya ukuta. Mpira unachakaa, na sisi hatutakaa hapa milele. Tunaomba makomeo ya kweli, na yapigiliwe chini, mkono wa mtoto wa miaka sita ufike.

Tunaomba pia mtoto asisimamishwe tena mbele ya watu kwa jambo la mwili wake.

Na tunaomba awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake itambuliwe kuwa ni kusikiliza. Tuliwauliza wadogo wote, kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, wangependa awe nani. Walimtaja mama mpishi. Yeye alipoambiwa alisema ana sufuria za kuosha. Tutamsaidia kuosha.

La mwisho si la ofisi yako, mama, ni la kwetu hapa. Kabla ya kuandika tulikwenda kwa Kiduchu na bibi yake kuomba ruhusa. Bibi alisema mtoto mwenyewe ndiye atakayejibu. Kiduchu aliomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu alitufuata mwenyewe darasani, akasimama mlangoni, akasema, "Semeni. Ila watu wasinitafute."

Kwa hiyo tunawaomba wote mlio hapa, msigeuze macho kwenye mistari ya darasa la kwanza. Tazameni mbele, mnavyotutazama sasa. Asanteni.

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwa wanao, aibariki mikono itakayofunga na itakayofungua milango ya shule hii, na awape wadogo zetu usingizi mtamu wa mchana.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Sita