Risala kwa Mkurugenzi Aliyetukubali kabla ya Kutuona

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa kampuni ya kurekodi muziki. Wageni mlioongozana naye. Wenzi wetu, watoto na wajukuu:

KARIBU
Karibu katika chumba chetu cha mazoezi, nyuma ya karakana ya useremala. Utuwie radhi kwa vumbi la mbao. Tumefurahi kukuona, ingawa tungekuwa waongo tukisema tumefurahi tu.

TULIKOTOKA
Bendi yetu ina miaka thelathini na minane. Tuko sita, na mdogo wetu, mpiga ngoma, ana miaka hamsini na tisa. Hakuna aliyesomea muziki. Wimbo mpya tunajifunza chombo kimoja kwa siku: Jumatatu besi, Jumanne gitaa. Hatuviunganishi mpaka mwimbaji wetu, tunayemwita Shangazi, aseme umeiva. Ana miaka sabini na mmoja. Ng'ombe hazeeki maini.

TULIYOYAPITIA
Wimbo mmoja tumeuleta ofisini kwako mara nne. Mara tatu ulirudi. Mara ya tatu karani wa mapokezi alimwambia Shangazi, "Mama, hapa hatupimi presha."

"Najua, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Nimekuja kupandisha yako."

Tulicheka njia nzima. Alipofika nyumbani, hakuimba wiki mbili.

Mara ya nne katibu, ndiye huyu anayewasomea, alisahau kuambatisha picha yetu na fomu za umri. Bahasha ikaenda na wimbo peke yake, ule ule. Siku ya tatu tukapigiwa simu: tumekubaliwa.

MASHAKA YETU
Mheshimiwa, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mkataba wa kwanza ulikuwa na vifungu sita. Kisha mshonaji wenu akaja kutupima sare, akatutazama mmoja mmoja, akatoka nje kupiga simu. Baada ya siku nne ukaja mkataba mwingine, wenye kifungu cha saba: kampuni itachagua watakaoonekana jukwaani na kwenye video.

Na leo, binti aliyeketi kando yako amevaa sare yetu. Hakuna aliyemtambulisha. Karibu, binti, wewe huna kosa. Ila tungependa kujua umekuja kufanya nini.

MAOMBI
Tunaomba kifungu cha saba kifutwe, Shangazi aimbe mbele kwa sura yake mwenyewe. Kama haiwezekani, tunaomba utuambie hapa, mbele ya wajukuu zetu, si kwa barua.

Usidhani hatujui tunachohatarisha. Jana tulikaa tukapiga kura. Shangazi alisema, "Wanangu, sainini. Nafasi hii haitarudi. Nitaimba nyuma ya pazia, kwani sauti ina mikunjo?" Kura yake ikawa moja. Zetu zilikuwa tano. Alitununia mpaka asubuhi, na hata sasa hajatusamehe.

Kwa hiyo hatutasaini kifungu hicho. Tutapiga wimbo ule ulioukubali sasa hivi, Shangazi akiwa mbele. Tunakuomba usifumbe macho. Ukimaliza kusikiliza, kalamu iko upande wako wa meza.

Mungu akupe afya, na umri mrefu kuliko wetu, uone ulivyo mtamu.

Ni sisi,
Bendi ya Karakana