Kompyuta ya Kenyi na Picha ya Lino

Benchi langu liko Munuki, hapa Juba, kati ya steji ya bodaboda na kibanda cha mabati cha Kenyi. Ukitaka kujua nani amehama, nani amekamatwa na nani amefiwa, hapa hukosi jibu, hata kama jibu lenyewe ni la uongo. Mimi ni Santina. Napika kahawa ya tangawizi kwenye jebena, birika langu la udongo, nauza kwa vikombe vidogo, na kwa upuuzi niliousikia hapa ningeweza kujaza kanisa. Alhamisi moja ya mwaka 2017 walikuwapo wale wale watatu. Kenyi tunamwita Pasipoti, kwa kuwa ndiye anayepiga picha za vitambulisho mtaa mzima. Ezbon ni mwenyekiti wa steji, basi ni Chairman. Mzee Saturnino ni Signali, maana katika vita vile vya kwanza alikuwa mtu wa redio msituni, na mpaka leo hajaacha kutega sikio. Mbele yao, juu ya kigoda, ilikaa kompyuta ya Kenyi, ambayo tangu Jumatatu ilikuwa imekataa kuwaka.

Na Suzan alikuwa amekaa nayo, mikono mapajani. Suzan ni mke wa Lino, na Lino alikuwa mtu wa steji yetu. Mwaka uliotangulia, mwezi wa tisa, alichukua abiria wa njia ya Yei, akaniambia nimwekee kahawa. Hakurudi yeye, haikurudi pikipiki, na yule abiria hatukumjua hata jina. Sasa ndugu zake walikuwa wamekata shauri kwamba Jumamosi wasome sala ya marehemu. Mwili hakuna, kaburi hakuna, kwa hiyo picha ndiyo ingewekwa kwenye kiti, mbele ya watu. Picha za harusi ziliungua na nyumba huko Kajo-Keji. Simu yake alikwenda nayo. Iliyobaki ilikuwa moja tu, ile aliyopigwa na Kenyi kwa ajili ya kitambulisho cha steji, na hiyo ilikuwa ndani ya mashine hii. Bila hiyo watu wangesali mbele ya kiti kitupu. Nilimwonea Suzan huruma sana, na nilikuwa na sababu yangu ya kutomtazama usoni.

Chairman: Ukiiwasha inasema nini?

Pasipoti: Inaleta kiduara. Kinazunguka weee, halafu inasema inajitengeneza, halafu inazima. Halafu kiduara tena.

Chairman: Uliifanyaje?

Pasipoti: Iliomba apdeti. Miezi minane inaomba, mimi nasema baadaye, baadaye. Jumatatu wale wa parokia wakaniruhusu intaneti yao, nikasema leo acha niipe. Ikafika asilimia sitini na mbili. Kalas, imekwisha.

Chairman: Hiyo ni petroli. Petroli ya chupa siku hizi nusu maji. Pikipiki zangu tatu zimekufa hivyo hivyo. Jenereta ikinywa maji, inatoa umeme mchafu, na umeme mchafu unaingia kwenye kichwa cha kompyuta.

Signali: Chairman, umeme haiko na uchafu. Wewe iko na uchafu.

Chairman: Basi tuambie wewe, mzee.

Signali: Mimi naambia nyinyi. Apdeti inatoka wapi? Inatoka ng'ambo. Kabla ya kuingia, inauliza kwanza: wewe mashine, uko wapi? Mashine inajibu, mimi iko Juba. Huko wanaangaliana. Wanasema, Juba iko vita, rudisha mzigo. Mzigo unageuka njiani. Sitini na mbili, hapo ndiyo iligeukia.

Chairman: Kama malori ya mpakani Nimule.

Signali: Hasa. Nusu ya mzigo imefika, nusu iko kwa mpaka. Sasa mashine itaamka na nusu?

Chairman aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Huwa anabisha mambo madogo tu, makubwa huyameza mazima. Niliwaongezea kahawa.

Chairman: Basi tuipeleke upande wa pili wa mto. Huko kumetulia. Labda ikifika itajibu jina lingine.

Pasipoti: Mimi naona imejaa tu.

Chairman: Imejaa nini?

Pasipoti: Watu. Tangu vita vilipoanza, Desemba ile ya mwaka kumi na tatu, sijafuta uso hata mmoja. Mtu anakuja kupigwa ya kitambulisho. Mwezi haujaisha, ndugu zake wanakuja wanataka ile ile, kubwa, na maua pembeni. Nitamfuta vipi mtu? Nina mafolda mawili. Moja nimeandika Wazima, moja nimeandika Marehemu. Familia ikija na msiba, namtoa kule namleta huku, ndipo nachapa. Wale wa folda ya pili wamekuwa wengi mno.

Signali: Basi iko hapo. Wamelala mlangoni. Mashine inataka kuamka, itapita wapi?

Hakuna aliyecheka. Tulikunywa kahawa yetu tukitazama chini, na kila mmoja, nadhani, alikuwa anawahesabu wa kwake. Mimi wangu ni wanne, na wawili kati yao Kenyi aliwachapa kwa maua pembeni.

Suzan: Mzee, wakwe zangu wanasema kama picha hakuna, watachora.

Signali: Malesh, binti yangu. Nisamehe. Mdomo wangu haujui kupumzika.

Suzan: Watachora nani? Kaka yake mkubwa hata pengo la Lino hajui liko upande gani.

Wakati huo alikuja kijana aliyevaa kizibao cha njano cha uwanja wa ndege, akaomba kikombe. Alisema anaitwa Lokosang, amekulia Kakuma, na kazi yake ni kompyuta za mizigo pale uwanjani. Chairman hakumwacha hata anuse kahawa. Alimsimulia yote, petroli, malori ya Nimule na marehemu waliolala mlangoni. Lokosang alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kuliko nilivyotegemea.

Lokosang: Hii betri inafanya kazi?

Pasipoti: Ilikufa zamani. Inakula moja kwa moja kwa jenereta.

Lokosang: Na ilipofika sitini na mbili, jenereta ilizimwa na nani?

Chairman alitazama steji yake. Signali alikunywa kutoka kikombe kitupu. Nikaiweka jebena chini.

Mimi: Ni mimi.

Nikasema yote, kwa kuwa tangu Jumatatu yalikuwa yamenikaa kifuani. Saa kumi na moja jioni risasi zililia upande wa Buluk. Sote tulilala chini. Hapa kwetu hakuna asiyejua linalofuata: zima jenereta, zima taa, mtaa unyamaze, asiyetakiwa asijue kwamba mna watu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na jenereta. Nilitambaa nikaizima, na sikufikiria kompyuta, sikumfikiria Lino, sikumfikiria yeyote. Baadaye walisema ni askari waliokuwa wakifurahia harusi.

Mimi: Suzan, mwanangu, ni mkono wangu huu. Siku nne nakuangalia umekaa hapo na sisemi. Niliona aibu.

Pasipoti: Dada, nilikuona ukitambaa.

Mimi: Uliniona?

Pasipoti: Nilikuwa chini ya meza. Mkono wangu pia ulikuwa unautafuta waya niuchomoe. Wewe ulifika kwanza, basi. Ndiyo maana nilimwacha mzee aendelee na malori yake.

Signali: Malori iko kweli.

Suzan alichukua kikombe nilichokuwa nimeshika, akakiweka taratibu juu ya benchi.

Lokosang alitoa flashi mfukoni. Alisema kilichoharibika ni mfumo wa kuamshia, na kwamba vitu vya ndani huenda viko salama. Angeiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, asiguse cha ndani, aangalie tu. Kenyi akaenda kuvuta kamba ya jenereta. Chairman akasimama kando yake, mikono nyuma, akiilinda jenereta sijui dhidi ya nani. Labda dhidi yangu. Kiduara kilikuja. Kikazunguka muda wa kuchemsha maji. Halafu kikaondoka, na kioo kikatulia na rangi ambayo hatukuwahi kuiona kwenye mashine ile.

Lokosang: Haijapona. Lakini naona ndani. Kila kitu kipo.

Signali alivua kofia. Suzan alisogea mpaka goti lake likagusa kigoda.

Lokosang: Kuna mafolda mawili tu hapa. Wazima na Marehemu. Huyu Lino nimtafute wapi?

Aliuliza kama anayeuliza bei ya kahawa, hakuwa na ubaya wowote. Tulimtazama Kenyi, maana ndiye anayehamisha watu. Kenyi alimtazama Suzan. Chairman, aliyekuwa wa kwanza kuchangisha pesa za sala ile, aligeuka kuangalia pikipiki. Mwaka karibu mzima tulikuwa tumesema marehemu Lino, marehemu Lino, na hapo hakupatikana hata mmoja wetu wa kulisema neno hilo. Jenereta ilinguruma. Lokosang alituangalia mmoja mmoja, akadhani hatukusikia.

Lokosang: Nimesema, nimtafute wapi?

Suzan: Anza kwa Wazima.

Akafungua. Zikapita nyuso za steji, kila mmoja na kizibao chake, wengine wako ukimbizini Adjumani sasa, wengine wamekaa pale pale nyuma yetu wakisubiri abiria. Kisha Lino, kofia ya pikipiki kwapani, anacheka ingawa Kenyi huwakataza kucheka. Pengo lilikuwa upande wa kushoto.

Kenyi alikuja na kitambaa, akafuta vumbi kwenye kioo, akainama.

Pasipoti: Suzan, nimhamishe? Nikichapa huwa nahamisha kwanza.

Suzan: Toa nakala, ya Jumamosi. Wape waiweke kwenye kiti chao.

Pasipoti: Na huyu?

Suzan: Huyu mwache hapo hapo alipo.

Kenyi akafanya hivyo. Nikamimina kahawa iliyobaki, nikajaza vikombe vitano, na cha sita, cha Lino, nikakifunika kwa kisahani, nikakiweka mwisho wa benchi.