Risala kuhusu Wadoezi wa Kwenye Kioo na Jina la Mwanahamisi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Katibu Tawala wa Wilaya,
Mwenyekiti wa kamati ya kituo, wazee wetu wa chama cha wakulima wa korosho, akina mama, akina baba, na wanachuo wenzangu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Anayesoma ni mimi, Jesca Elia, mwanachuo wa ualimu mwaka wa pili, lakini risala ni ya wote. Wenzangu wamenionya nisome polepole, nisichekecheke, na habari kubwa niiache mpaka ifike mahali pake. Nitajitahidi. Ukiniona natabasamu ovyo, mgeni rasmi, ujue ni hiyo habari.

UKARIBISHO

Mheshimiwa, karibu sana Mtawanya. Tumefurahi umekuja wewe mwenyewe, hukutuma mtu. Utuwie radhi kwa kukukalisha nje chini ya turubai wakati kituo chenyewe kipo hapo nyuma ya kiti chako. Kufuli unaloliona mlangoni limefungwa tangu mwezi wa pili mwaka huu wa 2006. Kwa hiyo kompyuta tutakazokusifia leo hatuwezi kukuonyesha.

Tuseme mapema tunachotaka, usije ukakaa unakisia. Tunataka kituo kifunguliwe. Na tunataka akifungue Mwanahamisi Hemedi, msimamizi wake, aliyeondolewa kwa kosa ambalo hakulifanya. La kwanza bila la pili hatulitaki, na hilo tulilipigia kura.

TULIKOTOKA

Kituo kilianza mwaka 2003. Chumba kilikuwa stoo ya chama cha wakulima, mpaka leo ukivuta droo unakutana na ganda la korosho. Wafadhili walileta kompyuta, chama kikatoa chumba na laini ya simu. Intaneti yetu inapita humo humo kwenye simu, kwa hiyo mtu akiwa anasoma barua pepe, simu ya chama haiingii. Mwenyekiti wa chama, Mzee Nassoro, alikuwa anasimama mlangoni anauliza, "Bado mnaongea na Wazungu tu? Mimi nasubiri simu ya Masasi!"

Usimamizi alipewa Mwanahamisi, binti wa Mahurunga mwenye cheti cha kompyuta. Wengi wetu hapa, na sisi wanachuo tunaojidai tumesoma, mausi tumeshikishwa na yeye. Anakuwekea mkono juu ya mkono wako, anasema, "Taratibu, dada, haiumi."

TUNAYOJIVUNIA

Wakulima walianza kuona bei ya korosho ya nje kabla mnunuzi hajafika kuwaambia yake. Raheli, mwenzetu wa Magomeni, aliomba nafasi ya uuguzi kwa barua pepe akapata, na sasa yuko mwaka wa kwanza. Bibi Halima alimwona mjukuu wake aliyezaliwa Tanga, picha nzima, akaibusu kompyuta mbele za watu. Kioo kilifutwa na kazi ikaendelea.

Tungeweza kuongeza, lakini mambo yenyewe yako mbele.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, ukiingia intaneti unafungua ukurasa mmoja, ule unaoutaka. Sasa kuna vidirisha vinavyoruka vyenyewe juu ya huo ukurasa na wala hukuviita. Sisi tunaviita wadoezi, maana tabia ni ile ile ya mtu anayejua mnapakua chakula saa ngapi. Mmoja anakwambia umeshinda gari. Mwingine anawaka mwekundu, anasema kompyuta yako inaumwa. Siku Bibi Halima alipokutana na huyo mwekundu aliruka kutoka kwenye kiti.

"Inaumwa nini?" akauliza.

"Inasema ina virusi, bibi. Lakini ni uongo."

"Uongo au kweli, mimi nakaa huku. Nina wajukuu nyumbani."

Wadoezi hawa wote wanaongea Kiingereza, na mwisho wa maneno yao wanakuuliza, ndiyo au hapana? Hapo ndipo tulipokosea, mheshimiwa, na tulikosea kwa sababu ya adabu. Huku kwetu mtu akipiga hodi unaitika karibu. Sufuria iwe tupu, nyumba iwe haijafagiliwa, unaitika kwanza halafu ndiyo unafikiria. Hakuna aliyelelewa Mtawanya akafundishwa kumwambia mtu hapana akiwa bado yuko mlangoni. Basi kila kidirisha kilichouliza, watu walibonyeza ndiyo. Wakulima walibonyeza. Wanachuo tulibonyeza. Hata padri mmoja mgeni alibonyeza, akasema ni vizuri kuwa mpole.

Na kila ndiyo moja ilileta nduguze. Juu ya ukurasa ikaota mistari ya vitufe ambavyo hakuna aliyeviweka. Ukurasa wa kuanzia ukabadilika wenyewe. Ikafika mahali unaandika barua yako ya kawaida, simu hata haijaunganishwa, mdoezi anaruka tu. Mwanahamisi alituonya. Alibandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: USIBONYEZE NDIYO. Tuliisoma, tukausifu mwandiko, tukarudi kubonyeza.

Siku yenyewe ilikuwa ya mkutano wa wakulima. Wazee walitaka waone bei kabla hawajaanza kubishana, wakaja na wake zao, chumba kikajaa, waliokosa nafasi wakasimama nje dirishani. Mwanahamisi akafungua ukurasa wa bei. Kabla haujamaliza kufunguka, kikaruka kidirisha kidogo chenye picha ya binti anapunga mkono. Mzee Nassoro alikuwa nyuma ya kiti. Maneno yao wengi tuliyasikia, na tunayaandika yalivyo.

"Huyo nani?"

"Si mtu, babu. Ni tangazo."

"Anasemaje?"

"Anauliza kama aingie."

"Sasa si umwitikie?"

"Babu, huyu akiingia hatoki."

"Mwanangu, mtu anabisha mbele ya wazee wote hawa, wewe unamkazia macho tu? Atatuona watu gani?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akasema, "Mkaribishe bwana, tuone kaleta nini!"

Mwanahamisi alimtazama Mzee Nassoro, akabonyeza. Na sisi tungebonyeza. Nani angebishana na mzee wa rika la babu yake mbele ya chama kizima?

Mheshimiwa, vidirisha vilifumuka kama bisi. Akifunga kimoja vinakuja viwili. Mwisho ikaja picha imejaa kioo chote, watu hawajavaa kitu, na hapa naomba nisome haraka. Mashine ikaganda. Mwanahamisi akavuta khanga aliyojitanda, akaifunika kompyuta, yeye akabaki kichwa wazi mbele ya wazee, ameikumbatia mashine kwa mikono miwili ili khanga isidondoke.

Waliokuwa ndani waliona binti anawafichia wazee aibu. Waliokuwa nje dirishani waliona binti anavua khanga na wazee wanakimbilia mlangoni. Wa nje ndio walioondoka kwanza, kwa hiyo habari zao ndizo zilizotangulia. Jua halijazama, Magomeni wakawa wanasema binti wa kompyuta kavua nguo mbele ya chama. Habari ilipofika Mahurunga, picha zikawa zake mwenyewe. Jamani!

Kamati ya kituo ikafunga mlango, ikasema haifungui mpaka wilaya itoe neno. Mwanahamisi akaondolewa kazini palepale, watu wakitazama. Baba yake, Mzee Hemedi, akaja kumchukua. Waliokuwa wameleta posa wakaacha kuja, wala hawakusema kwa nini.

Na sisi tuliokuwa ndani? Tulinyamaza. Kumsafisha Mwanahamisi ilibidi useme nani alimwambia abonyeze, na kumtaja mzee kwenye jambo la namna hii hakuna aliyethubutu. Tukawa tunaitana pembeni, tunanong'ona, tunarudi nyumbani. Yeye wakati huo yuko Mahurunga anapalilia mihogo na hatoki kwenda hata kisimani mpaka wenzake wawe wamerudi.

Aliyeuvunja ukimya huo ni Mzee Nassoro mwenyewe. Tulipokutana kuandaa risala hii alisimama akasema, "Andikeni jina langu. Nilimwambia mimi. Na mke wangu alikuwepo, nikikataa atanisuta." Mke wake akajibu kutoka nyuma, "Nilishaanza!" Tumeliandika jina kwa ruhusa yake, na yupo hapa safu ya mbele.

TULICHOKWISHA FANYA

Hatukutaka tuje kwako mikono mitupu. Tuliomba kamati itufungulie Jumamosi moja tu, tukamleta Emmanueli, fundi wa kompyuta anayefanya kazi bandarini. Alikaa kutwa nzima. Aling'oa ile mistari ya vitufe, akatoa programu zilizojificha, akaweka programu ya kuvinjari inayozuia wadoezi wasiruke. Sasa kuweka kitu kipya kwenye mashine kunahitaji neno la siri, na neno hilo litakuwa la msimamizi peke yake.

Alitufundisha pia jambo ambalo lilitushangaza wote. Kwa mdoezi, ndiyo na hapana ni mtego ule ule. Hata ile alama ya kufunga aliyochorewa tumboni ni ya uongo, ukiibonyeza umemwitikia. Usimguse popote. Funga kwa vitufe vya kibodi, Alt na F4 kwa pamoja, na akikataa, zima mashine. Akisema umeshinda gari, hujashinda. Akisema mashine inaumwa, mwulize msimamizi, usimwulize yeye. Akitaka jina lako na namba ya simu, usimpe hata kama ametaja dini.

Tulimuuliza Emmanueli kuhusu ile khanga. Akasema kompyuta ikishaganda vile, cha kufanya ni kuchomoa waya ukutani, lakini waya ulikuwa nyuma ya miguu ya wazee. Kufunika kulikuwa ndiko kwa haraka.

Tumeshafanya mazoezi ya kufunga kwa vitufe kwa kutumia kibodi mbovu hapa nje, kila aliyepita. Bibi Halima ndiye anayeongoza. Anagonga Alt na F4 kama anaua mende.

TUNACHOOMBA

Kama wilaya inaweza kutusaidia tupate laini ya simu ya pili tutashukuru, Mzee Nassoro naye apumzike kusimama mlangoni. Kama haiwezi, tutaendelea kupokezana.

Ombi letu hasa tumeshalisema: mlango, na Mwanahamisi. Mwenyekiti wa kamati ana ufunguo mfukoni sasa hivi, ametuonyesha, na amesema wilaya ikitoa neno hana pingamizi.

Na sasa, mheshimiwa, ile habari!

Asubuhi hii tukiwa tunafunga kamba za turubai, Mzee Hemedi ameshuka kwenye gari la Mahurunga, na Mwanahamisi yuko naye. Wako pale! Safu ya mwisho, yule mzee mwenye kofia nyeupe, na binti kandoni mwake mwenye khanga ya kijani. Sisi tulikuwa tunaandika risala ya mtu asiyekuwepo, tukakimbia kumkumbatia, mimi nikadondosha karatasi zote, ndiyo maana ukurasa huu una mchanga.

Tulimuuliza mzee kama amemrudisha. Akatujibu, na tumeandika maneno yake kwa penseli hapa chini:

"Nimemleta asikilize. Barua sitaki, barua kila mtu atasomewa anavyotaka msomaji. Walimwondoa watu wakitazama. Basi na hilo la kwamba hana kosa lisemwe watu wakisikia. Likisemwa, anabaki. Lisiposemwa, gari la kurudi linaondoka mchana, na sitamleta tena."

Kwa hiyo tumeifupisha risala. Palikuwa na shairi na shukrani ndefu kwa wafadhili, tumeviacha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu akupe afya, alinde nyumba yako na safari zako zote, na akupe wepesi wa kusema lililo kweli leo.

Kipaza sauti ninakuletea hapo ulipo. Mzee Hemedi hasikii vizuri sikio la kulia, tunaomba useme kwa nguvu.

Ni sisi,
Umoja wa Watumiaji wa Kituo cha Kompyuta, Mtawanya.